Chokaa kwenye Kaburi la Mbonile

Isansa,
Jumatano, 23 Aprili 2025

Mdogo wangu Yesaya,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyefufuka. Huku sote wazima, isipokuwa yule jogoo uliyemla mwenyewe siku ya Pasaka. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu ya huku haina siri. Mtandao unapatikana kule juu nyuma ya kanisa tu, na ukipiga lazima uongee kwa sauti ya kuhubiri, kesho yake kila unayekutana naye anakuuliza mlifikia wapi. Barua hii nampa Ambilikile wa Hiace, ambaye ana mambo yake mengi ya kuchungulia kuliko yangu.

Uliondoka Jumatatu ya Pasaka kabla ya ibada, ukasema malori yanakusubiri mpakani. Kwa hiyo hukuyasikia mahubiri. Mahubiri yalikuwa wewe.

Mchungaji alisema hajawahi kuona mtu akitoka safari, ameloa, akaliacha kaburi la baba yake mzazi na majani yake, akaenda kumsafishia Mbonile. Hakulificha jina. Alisema ulimng'olea magugu, ukampaka chokaa, ukamwekea maua, mtu yule yule aliyemnyima baba yetu maziko ya kanisa. Wazee wa baraza wakawa wanatazama viatu vyao. Mama Kefa, mjane wake, alilia mpaka akina mama wakamshika.

Sasa nikwambie ya moyoni. Jumapili ile alfajiri, kwenye ibada ya ufufuo makaburini, kila familia ilikuwa imesimama kwenye makaburi yake meupe, mimi nimesimama kwa Baba majani yakinifika magotini. Jumamosi tulipofyeka nililiacha lake makusudi, maana ni kazi ya mtoto wa kiume na uliahidi kuja. Kuinua macho nikakuona kule kwa Mbonile, umejaa chokaa, Mama Kefa amekushika mkono. Nilitamani nikuchape. Ndiyo maana sikukusemesha siku nzima, na firigisi nikampa shemeji yako Watson.

Nimeelewa Jumatatu, nikiwa nimekaa kwenye benchi. Unakumbuka tulivyomzika Baba. Alimpeleka Mama kwa mganga kule Msangano alipochanganyikiwa na ugonjwa wake, kanisa likamtenga, akafa kabla hajarudishwa kundini. Mbonile akasimama barazani akasema utaratibu ni utaratibu: kengele isipigwe, tarumbeta zisitoke, mchungaji asifike. Niliimba peke yangu kaburini, na ubeti wa pili sauti ikanikatika. Tangu siku hiyo sikumsalimia Mbonile mpaka alipokufa mwaka juzi. Mke wake naye nikamnyima salamu, hata tukikutana kisimani. Mimi, kiongozi wa akina mama, nimekuwa nikiikaribia Meza ya Bwana na kinyongo hicho, na hakuna mzee aliyenitenga.

Basi jana nilikwenda kwake na maharage. Tulikaa jikoni tukiyachambua. Wanawe wako mbali na hakuna aliyekuja Pasaka. Nimemwambia Alhamisi aje kwaya, sauti ya pili tumepwaya.

La Baba nimelifyeka mwenyewe, na habari ya majani nimekusamehe. Mchungaji anataka Pentekoste usimame uwaambie vijana jinsi ulivyoongozwa. Andaa maneno.

Dada yako anayekuonea fahari,
Loisi


Tunduma,
Jumamosi, 26 Aprili 2025

Dada Loisi, shikamoo.

Barua yako nimeisoma ofisini, nikafunga mlango, nikaisoma tena. Wateja wangu Wazambia wa Nakonde walikuwa wanagonga, "ba Yesaya, ba Yesaya," kwa heshima yao, nikawaacha wagonge.

Dada, nilikosea kaburi.

Naliandika hilo kwenye mstari wake peke yake usije ukaliruka. Ile Jumamosi foleni ya malori ilinishika, nikatoka hapa jua limeshaanza kushuka. Nilipofika Isansa kulikuwa na ukungu na manyunyu, na giza ndiyo linaingia. Nikaona nisipite nyumbani, nikikuta chai nitalegea. Nikaenda makaburini moja kwa moja na ndoo yangu ya chokaa. Kaburi la Baba mimi nalijua kwa mkaratusi: unaupita, unashuka, la kwanza kushoto. Hakuna aliyeniambia kuwa mkaratusi ule umekatwa kwa ajili ya paa la shule. Nikaukuta mwingine, nikashuka, la kwanza kushoto. Lilikuwa msitu. Nikajua ndilo, maana mengine yote yalikuwa yameshafyekwa na ulisema la Baba umeniachia.

Jina lilikuwa limeandikwa kwa kijiti kwenye saruji na limejaa tope. Nikang'oa, nikasugua, nikapaka, nikaweka maua. Nilipomaliza nikachuchumaa nikaongea naye. Nilimweleza Baba habari za kazi, nikamwambia mjukuu wake amefaulu, nikamwambia namkumbuka hasa nikiwa na uamuzi mgumu. Yote hayo, Dada, nilikuwa namweleza Mbonile.

Usiku ulikuwa umekwenda, sikutaka kuwaamsha, nikalala kanisani na nguo zangu mbichi. Alfajiri nilitangulia peke yangu, nikasimama palepale kuwasubiri. Kulipopambazuka chokaa ilikuwa imekauka na herufi zimejitokeza. Nikalisoma jina mara mbili. Nilikuwa nageuka niondoke ndipo Mama Kefa alipofika. Alilitazama kaburi, akaitazama suruali yangu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Bwana amefufuka," akasema. Nikajibu kama tunavyojibu wote. Ningesema nini tena?

Uliponinunia nilidhani umejua kosa langu na unaona aibu kunitaja. Kumbe kila mmoja wetu alikuwa na hadithi yake.

Mimi sijamsamehe Mbonile. Ningejua ni lake nisingeligusa hata kwa fagio. Pentekoste sisimami popote, na nataka nimwandikie Mama Kefa nimweleze. Sipendi kuvaa nguo ambayo si yangu.

Mdogo wako,
Yesaya


Isansa,
Jumanne, 29 Aprili 2025

Wewe Yesaya,

Nilicheka mpaka Watson akatoka shambani kwenye kahawa kuja kuona kuna nini. Nilipofika mahali ulipomsimulia Mbonile habari za mjukuu wa Baba, nilikaa chini. Baba kama alikuwa anasikia, amecheka kuliko mimi. Halafu nikalia kidogo, halafu hasira zikanipanda, na zilipopanda ndipo nimeshika kalamu.

Funga mdomo wako. Mama Kefa alikuja kwaya Alhamisi. Alikaa mwisho kabisa karibu na mlango, kama mgeni, lakini wimbo ulipoanza tuligeuka wote. Kumbe mwanamke yule ana sauti, na sisi tumemkalisha kimya miaka yote kwa makosa ya mume wake. Amekwenda nyumbani akitembea katikati yetu. Sasa wewe uko Tunduma na stempu zako za forodha, unataka kumwandikia kwamba samahani, sikukusudia?

Utasema ni ukweli. Sawa. Lakini ukweli mwingine ni huu: mimi nilikwenda kwake. Ni kosa lako lililonisukuma, lakini maharage yalikuwa maharage na miguu ilikuwa yangu. Mungu akiamua kumtumia mtu aliyepotea njia kwenye ukungu, ni kazi yake. Hajaomba ushauri kwako.

Na hilo la kutomsamehe Mbonile, usinitangazie kana kwamba ni ugonjwa ulioambiwa na daktari. Mimi nilikuwa nao mkubwa kuliko wako. Kusamehe kunaanza kidogo kidogo, unabeba kikapu unagonga mlango. Huwezi kukaa mpakani ukisubiri usikie msamaha umefika kama lori.

Pentekoste nitamwambia Mchungaji una kazi. Huo ndio uongo pekee nitakaokusaidia.

Dada yako,
Loisi


Isansa,
Alhamisi, 1 Mei 2025

Mwanangu Yesaya,

Pokea salamu za mama mzee. Sijazoea kuandika, kwa hiyo nivumilie. Dada yako kanielekeza ofisi yako, na hii ataileta dereva Ambilikile.

Nilitaka kukushukuru siku ileile nikashindwa. Ndaga, ndivyo tunavyoshukuru kwetu Itumba.

Jumamosi Kuu nilikaa nyumbani. Mgongo hauniruhusu tena kuinama na jembe, na wanangu waliniambia mmoja mmoja kwamba hawatafika. Nilijua watu wanafyeka, na nilijua wanaliona la mume wangu lilivyo. Hakuna aliyeligusa. Sikuwalaumu. Alikuwa mgumu kanisani na nyumbani alikuwa mgumu zaidi, ndiyo maana hata Kefa wangu alihamia Itumba akakata mguu. Niliwaza nisiende alfajiri. Niliwaza watasimama pale na tarumbeta zao, wayaone majani yale, waseme moyoni, haya, yamempata. Nilikwenda nikiwa wa mwisho ili nisimame nyuma.

Nikakuta peupe. Nikakukuta wewe, kati ya watu wote.

Baba yako nilimfahamu. Alikuwa mpole. Siku ile ya maziko yake nilimwomba mume wangu twende hata kama watu wa kawaida tu, akakataa, nami nikanyamaza. Nimekaa na kunyamaza huko mpaka Pasaka hii. Niliposhika mkono wako ukanijibu, niliona Mungu ameniambia basi, inatosha.

Nimempigia Kefa nikamsimulia. Akasema atakuja. Naomba na wewe uje, ule kwangu. Najua hakuna wa kwenu aliyekula nyumbani humu tangu siku ile.

Mama yako,
Tupokigwe


Tunduma,
Jumapili, 4 Mei 2025

Mama Tupokigwe, shikamoo.

Barua yako nimeipokea kwa heshima. Kuna watu wawili hawataki niandike hii: mmoja ni Dada Loisi, wa pili ni mimi mwenyewe. Lakini umeniita mwanao na umeniita mezani, na siwezi kuja kula chakula chako nikiwa nimekuficha jambo.

Kaburi lile sikulisafisha kwa kukusudia. Nilifika giza linaingia, kuna ukungu, mkaratusi niliokuwa naufuata umekatwa, nikafuata mwingine. Nilidhani ni la Baba. Sikujua mpaka kulipopambazuka nikalisoma jina. Kabla sijaondoka ukafika.

Mchungaji amehubiri jambo ambalo sikulifanya. Umempigia Kefa ukamsimulia habari za mtu ambaye si mimi. Mimi ni yule ambaye kila akipita mbele ya nyumba yako anatazama upande wa pili wa barabara. Mzee Mbonile alipokufa nilipigiwa simu, nikasema pole kwa mdomo na moyoni nikasema vizuri. Sikuja msibani. Hayo ndiyo niliyokuwa nayo nilipokuja na ndoo yangu.

Nakuomba radhi, si kwa kulisafisha, ila kwa kukuacha uamini. Ukiniambia nisije, nitaelewa.

Wako kwa heshima,
Yesaya Nathanaeli


Isansa,
Ijumaa, 9 Mei 2025

Yesaya,

Umeandika, siyo?

Mama Kefa hakuja kwaya jana. Nilikwenda kwake nikagonga, nikamsikia anaburuta kigoda ndani, hakufungua. Leo asubuhi vilevile. Watu wanauliza anaumwa nini, mimi naangalia juu kama anayetafuta mvua.

Sina hasira na wewe. Hapana, ninazo, lakini nikipika nasahau. Usiku wa jana nilimwambia Watson nimefanywa mjinga na mdogo wangu mwaminifu, akajibu kwamba afadhali mwaminifu, wajinga tunao wa kutosha. Nimeona ana hoja ingawa sikumwambia.

Wewe umefanya lako. Mimi kesho nagonga tena, na keshokutwa. Sikwenda kwake kwa sababu ya chokaa yako tu, na nitamsubiri mpaka alijue hilo.

Loisi


Isansa,
Jumatatu, 12 Mei 2025

Yesaya,

Nilikasirika. Niliiweka barua yako chini ya godoro nikalala juu yake, kisha nikaitoa nikaisoma nikakasirika upya. Nilijiona mpumbavu mbele ya kanisa zima. Nilikwenda makaburini peke yangu nikalitazama lile jeupe, nikasema, basi hata weupe huu haukuwa wako, Mbonile.

Dada yako alikuja kugonga kila siku. Jana alianza kuimba mlangoni, sauti ya pili, akiikosea kila mstari. Nikavumilia ubeti wa kwanza. Wa pili nikafungua nimfundishe. Tumelia, tumekunywa chai, ameniambia alijua na akakukataza usiseme. Nimemwambia alikosea kukukataza na wewe ulichelewa kusema. Hayo yamekwisha kati yangu na yeye.

Kefa naye nimempigia. Nilimsomea barua yako neno kwa neno, nikidhani atasema basi haji. Amesema anakuja Jumamosi hii. Amesema mtu aliyejifanya mtakatifu angemwogopa, ila huyu anaweza kukaa naye.

Lakini na mimi nina neno langu, na nataka ulijibu wewe, si Dada yako.

Kaburi ulikosea, nimekubali, giza lilikuwepo. Lakini niliposhika mkono wako kulikuwa kumekucha. Jina ulikuwa umeshalisoma, umeandika mwenyewe. Nikakuambia Bwana amefufuka, ukanijibu amefufuka kweli kweli. Hapo hukuwa na ukungu wa kusingizia. Je, neno lile ulinipa, au lilikutoka tu?

Chokaa mvua itaiosha, sina shida nayo. Neno lile ndilo nililolichukua nikaenda nalo nyumbani. Kama hukunipa niambie, mimi ni mtu mzima, nitaendelea kuishi. Ila nisiendelee kulibeba kama si langu.

Tupokigwe


Tunduma,
Jumatano, 14 Mei 2025

Mama Tupokigwe, shikamoo.

Swali lako nimelala nalo na nimeamka nalo. Ningeweza kukujibu vizuri, na Dada Loisi angenisifu. Lakini jibu la kweli ni kwamba lilinitoka tu. Tangu utotoni tumezoeshwa, mtu akisema lile unajibu hili, na mdomo wangu ulijibu kabla yangu. Nilikuwa natafuta pa kukimbilia. Neno lile sikukupa, Mama. Ulikwenda nyumbani mikono mitupu na mimi nilijua.

Leo ni Jumatano tu. Nje malori yanapiga honi, vijana wanabishana na dereva wa Kizambia aliyeziba njia, chai yangu imepoa. Hakuna kengele wala tarumbeta, na hakuna anayeniona. Nimeona niandike jambo hili katika siku ya namna hii. Mbonile, mzee wa kanisa, mume wako, aliyemnyima baba yangu maziko ya heshima: namsamehe. Nimeandika kisha nikasubiri nione kama nitataka kukata mstari. Nimetaka. Sijakata.

Najijua. Kesho nikipita mahali au nikisikia tarumbeta, huenda kinyongo kikanipanda tena. Kikipanda nitaanza upya, kama mtu anavyoamka kila asubuhi kwenda kazini hata kama jana alikwenda. Sidhani kuna njia nyingine ya kuyaishi haya tunayoyaimba. Mzigo huu nimeuogopa miaka mingi, na leo naona naweza kuubeba.

Jumamosi nakuja. Sisubiri Pentekoste. Nitapita kwako kwanza ndipo kwa Dada, atake asitake, na nitakula na wewe na Kefa chochote utakachopika. Pasaka imepita na watu wameshaacha kusalimiana vile, lakini safari iliyopita ulianza wewe na mimi sikukupa jibu. Safari hii naanza mimi.

Bwana amefufuka, Mama. Jibu lako nitalipokea mlangoni.

Mwanao,
Yesaya